Lori Likishaondoka

(Maneno niliyoyasema mbele ya masaisi, madereva na wenye farasi katika mkutano mdogo Naivasha. Nimeyaandika kama yalivyotoka, ila mizaha miwili nimeiacha hukohuko ukumbini.)

Mabibi na mabwana, naomba itifaki ihesabiwe imezingatiwa. Mimi nilianza usaisi, kazi hii ya kutunza farasi, nikiwa na miaka kumi na saba, na mpaka leo nikikutana na mwenye farasi mkono wangu hutafuta hatamu ya kushika kabla mdomo haujatoa salamu.

Asubuhi hii, kabla ya chai, tuliwapandisha madereva wanne nyuma ya lori la farasi. Kila mmoja alisimama kwenye chumba chake, mikono mfukoni, kidevu juu, na dereva wa tano akawazungusha kwenye njia ya shamba. Mwendo haukuzidi kilomita 20 kwa saa. Kona tatu, tuta moja, breki mbili. Waliposhuka, mmoja alikuwa bado anapapasa ukuta akiwa ameshafika chini. Mwingine, ambaye miaka yake barabarani ni mingi kuliko yangu na farasi, aliniambia, "Mzee, hizi kona zinakuja bila kubisha hodi."

Sijawahi kusikia mtu akilisema vizuri kuliko hivyo. Aliyeshika usukani huiona kona ikiwa bado mbali, na mwili wake hujiandaa bila yeye kujua: bega linaegemea, mguu unakanyaga sakafu. Farasi kule nyuma anatazama mbao. Kona humkuta amesimama wima na kilo zake 450, asilimia 60 hivi ya uzito huo ikiwa kwenye miguu ya mbele, na ukikanyaga breki unazidi kumtupa kwenye miguu hiyohiyo. Hujishika, hujirekebisha, na kabla hajatulia limefika tuta. Daktari akimpima damu baada ya safari ndefu hukuta dalili za misuli iliyotumika, kama ya farasi aliyetoka mazoezini. Wenye farasi wanaomshusha lorini Jumamosi jioni na kumtandika Jumapili asubuhi kwa sababu "jana alipumzika njiani", wanisamehe, lakini yule hakupumzika.

Sasa niwaambie kilichonileta. Mbuzi ukimsafirisha vibaya, utamkuta amekufa ndani ya gari, na utaulizwa. Farasi hukufichia. Atashuka kwa miguu yake, atatikisa masikio, atatafuna nyasi mbili tatu, utasaini karatasi na utaondoka. Ugonjwa wa safari huja siku ya pili, ya tatu, mara nyingine ya tano, na siku hiyo dereva yuko Malaba au Mombasa na mzigo mwingine. Ndiyo maana unaweza kuendesha farasi miaka ishirini ukaapa kwamba hujawahi kumdhuru hata mmoja.

Januari 1998 nilikuwa Diani. Tulikuwa na farasi wa kuwapandisha watalii ufukweni, na mmoja wao, jike mwekundu kama udongo wa Voi, alikuwa ameuzwa Nairobi. Mnaoikumbuka El Niño mnajua barabara ya Mombasa ilivyokuwa. Mvua ilikuwa imeichana vipande, malori yanalala njiani. Tulimpakia saa tisa alasiri. Foleni ya Likoni, jua linapiga bati, feri, kisha mjini, kisha Mariakani gizani. Yule jike alikuwa na tabia ya kugeuza shingo na kung'ata mbao, basi nikamfunga kamba fupi. Shibiri moja na nusu kutoka kwenye pete ya ukutani hadi kidevuni. Niliifunga mimi, na fundo lile nililionea fahari.

Voi nikamletea maji ya ndoo. Akanusa, akafunga mdomo. Hayakuwa na harufu ya maji ya kwao. Nikasema moyoni, akiona kiu atakunywa. Mbele ya Voi tulikwama matopeni nyuma ya trela lililopinduka, saa zikapita sijui ngapi, turubai limefungwa kwa ajili ya mvua, ndani mvuke na harufu ya mkojo inayochoma macho. Alfajiri tulikuwa uwanda wa Konza, baridi ya bara inaingia kwenye manyoya yaliyolowa jasho la Pwani. Tulifika saa saba mchana. Saa 22, kichwa juu.

Dereva akaniuliza, "Yuko sawa?" Nikamjibu, "Yuko sawa." Akageuza lori.

Nitarudi kwake huyu jike. Kwanza nieleze kichwa, kwa sababu mambo mengine yote nitakayoyasema leo mkiyasahau, hili la kichwa nataka mwende nalo nyumbani.

Farasi ameumbwa aishi ameinama. Akiachwa malishoni, zaidi ya nusu ya siku yake pua iko majanini. Akiinama, kamasi, vumbi na vijidudu vilivyoingia na hewa huteremka kwenye bomba la koo na kutokea puani, kama maji yanavyofuata mfereji. Hana njia nyingine nzuri ya kujisafisha. Mfunge kichwa juu na umeuinua mfereji upande wa kutokea: kila alichovuta hurudi kifuani. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Australia waliwafunga farasi vichwa juu wakiwa wamesimama tu, hakuna lori, hakuna barabara, hakuna kona isiyobisha hodi. Kati ya saa 6 na 12 vijidudu vilikuwa vimeongezeka katika njia ya chini ya hewa, na uvimbe umeanza. Walipowaruhusu kuinamisha vichwa, mfereji ulianza tena kujisafisha. Wenzetu Waaustralia wana sababu ya kulijali hili, kwani kwao farasi wa mbio husafirishwa kwa lori kutoka Perth hadi miji ya mashariki, kilomita elfu tatu na zaidi.

Sasa ongeza barabara. Ongeza wavu wa nyasi kavu ulioning'inizwa palepale puani, kila tuta unampulizia vumbi lake. Ongeza mkojo sakafuni na turubai lisiloruhusu hewa. Farasi hawezi kupumua kwa mdomo kama sisi tukibanwa na mafua. Ni pua tu. Mnaona tunachomfanyia.

Kwa hiyo kamba. Watu huniuliza urefu gani, wakitaka namba. Farasi hawalingani, lakini kipimo changu ni hiki: asimame kwenye chumba chake, ainamishe kichwa mpaka pua ishuke chini ya usawa wa kifua, na bado kamba isifike mahali anapoweza kuikanyaga au kuipitisha mguu. Kama chumba hakiruhusu, basi kila saa nne simama, fungua, mwache ainame na kupenga kamasi kwa dakika ishirini au thelathini. Utaona kinachotoka puani. Wenyewe mtashangaa. Na nyasi ziloweshwe maji kabla ya kufungwa kwenye wavu. Hilo halina gharama, ni ndoo moja tu, na bado sijui kwa nini ni vigumu hivyo kuwashawishi watu.

Maji nayo. Farasi mmoja hunywa lita 20 hadi 40 kwa siku, na siku ya joto huzidi. Safarini hatoi jasho tu, anakataa pia kunywa, maana ndoo ni ngeni na maji ni mageni. Safari ndefu humwondolea kilo 10 hadi 20 kirahisi, na nyingine huchukua siku kadhaa kurudi. Ukikauka mwili wa farasi, chakula hukwama tumboni na msokoto wa tumbo haupo mbali. Yeye hawezi kutapika, kilichoingia lazima kipite. Basi beba maji ya kwao kwenye mitungi. Kama huwezi, wiki moja kabla ya safari anza kumtilia molasi kidogo kwenye maji ya nyumbani, na njiani tia molasi hiyohiyo kwenye maji ya Voi, ya Nakuru, ya popote. Atadhani hajaondoka. Huu ni udanganyifu, ndiyo, nami nimeutubia kidogo tu.

Ulaya wana sheria ya mwaka 2005 kuhusu kusafirisha wanyama. Farasi wa kawaida hasafirishwi zaidi ya saa 24, na kila saa 8 lazima anyweshwe na ikibidi alishwe. Daraja la kupandia lisizidi nyuzi 20. Wapo madaktari huko wanaosema hata saa 24 ni nyingi mno, nami niko upande wao. Sisi Kenya tuna Sura ya 360, inayomtia hatiani anayembeba mnyama kwa namna ya kumtesa bila sababu. Lakini mimi nimesimamishwa kwenye vizuizi mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, nikaulizwa kibali cha daktari wa mifugo, bima, gurudumu la akiba na hata kizima moto. Hakuna aliyewahi kufungua mlango wa nyuma akatazama kamba.

Kupakia. Hapa ndipo ninyi masaisi mnapojulikana, na hapa ndipo moyo wa farasi hupanda kuliko saa nyingine yoyote ya safari. Moyo uliokuwa ukipiga mara 36 kwa dakika unaweza kupita 100 akiwa bado hajakanyaga daraja. Mtazame kwa macho yake. Yeye ni mnyama wa kuliwa. Tangu kuumbwa, pango lenye giza ni mahali pa simba. Nasi tunamwambia aingie pangoni, juu ya ubao unaolia chini ya kwato, huku wanaume watano wakipiga kelele nyuma yake na mmoja ana fagio. Halafu tunamwita mkaidi.

Mtu mmoja, kamba moja, kimya. Lori ligeuzwe ili jua liingie ndani, mlango wa mbele ufunguliwe aone mwanga upande wa pili. Maranda yamwagwe juu ya daraja sauti ife. Na kazi yenyewe ifanywe wiki mbili kabla: lori liegeshwe uwanjani, farasi alishwe kwanza mbele ya daraja, kesho juu ya daraja, keshokutwa ndani, siku nyingine ndani huku injini ikinguruma. Najua mtasema lori ni la kukodi na wiki mbili hamna. Basi hata siku mbili. Mkishindwa kabisa, mpakie kwanza mwenzake mzee aliyezoea. Farasi hufuata mwenzake kama sisi tunavyofuata foleni bila kuuliza inaelekea wapi.

Huyo mwenzake asishushwe, asafiri naye. Farasi wa peke yake lorini huita njia nzima. Uingereza walijaribu kuweka kioo cha kujitazama kwenye trela la farasi anayesafiri peke yake, na kikamtuliza kwa kiasi fulani, ingawa mwenzake wa kweli alimtuliza zaidi. Nilipolisikia nilicheka. Kisha nikanunua kioo. Kisichovunjika, lakini, kile cha plastiki.

Swali lingine ninaloulizwa kila mara: atazame mbele au nyuma? Wanaotetea nyuma wana hoja nzuri. Breki ikishikwa, makalio yake yenye nyama ndiyo yanayopokea, na kichwa kinabaki huru. Baadhi ya tafiti zilikuta moyo unatulia zaidi akitazama nyuma, nyingine hazikuona tofauti kubwa. Mimi nikipata lori linaloruhusu, namgeuza atazame nyuma. Tafiti hazijakubaliana, na farasi nao hawajakubaliana. Nilikuwa na mmoja huko Karen, Nairobi, aliyekuwa akisimama mshazari kila safari hata tungemwekea mbao gani, akafika mkavu, hana tone la jasho.

Kuhusu bendeji nitasema kidogo. Wenye farasi hununua za rangi nzuri na kunifuata wakitaka miguu yote minne ifungwe kabla ya safari. Tutaifunga, hakuna ubaya. Mapafu hayana bendeji.

Na dawa ya kumlegeza msimpe kwa shauri la jirani. Farasi aliyelegea hawezi kujishika kwenye kona. Hilo ni la daktari.

Madereva, nanyi. Mteremko wa Mai Mahiu na kona zake mnazijua kuliko mimi, sitawafundisha gia. Ninachoomba ni kwamba kona uianze polepole, kabla ya kuingia, kwa injini, breki ibaki ya dharura. Ukisimama, simama kivulini na milango wazi. Lori lenye farasi wanne likisimama juani ni jiko, wao wenyewe ndio makaa. Na usiku msiwafungie turubai lote kwa kuwahurumia baridi. Farasi huvumilia baridi kuliko mnavyodhani. Hewa mbaya ndiyo asiyoivumilia, pamoja na upepo wa baridi juu ya jasho bichi, kwa hiyo mfute jasho mkisimama.

Kuna jambo si la farasi lakini siwezi kushuka hapa bila kuligusa. Punda alipoorodheshwa kuwa mnyama wa nyama nchini, baada ya muda tulianza kuona malori ya punda yakielekea machinjioni, ngozi zao zikitakiwa China. Waliozoea barabara za huko Baringo na hapa Naivasha walishuhudia: punda waliosimama wamesongana, wengine wamelala chini ya kwato za wenzao, safari za kutoka mbali ambako hakuna aliyehesabu saa. Serikali ilipiga marufuku mwaka 2020, mahakama ikaitengua mwaka uliofuata, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana Addis Ababa kuzuia biashara ya ngozi za punda. Wahenga wetu walisema, afe punda, mzigo wa bwana ufike. Walikuwa na maana yao. Lakini hata wao hawakuona siku ambayo punda mwenyewe ndiye mzigo, na hakuna anayejali akifika hai.

Farasi wa mbio pale Ngong ana thamani, kwa hiyo anapata chumba na saisi wake. Mwili wa punda una mapafu yaleyale na koo lilelile.

Sasa turudi kwa jike wangu. Siku ya kwanza Nairobi alikula kidogo. Tukasema ugeni. Siku ya pili aliacha nusu ya chakula, akasimama pembeni, kichwa chini. Tukasema uchovu wa safari. Neno hili limeua farasi wengi. Siku ya tatu asubuhi hakutaka kugeuka bandani. Alisimama viwiko vya mbele amevitanua, anapumua kwa vipande vifupi kama mtu mwenye ubavu uliovunjika, na nilipogusa mbavu zake aliguna. Nilikuwa sijawahi kumsikia akiguna. Kipimajoto kikasoma 39.8. Farasi mzima hazidi 38.5. Ingekuwa tumempima jana yake, na juzi yake, tungeiona homa ikipanda ngazi.

Daktari alikuja, akasikiliza, akaniuliza, "Alifungwaje njiani?" Nikamwonyesha. Hakusema kitu. Alimchoma sindano nene kati ya mbavu, maji ya rangi ya chai ya rangi yakatoka, yakaingia kwenye ndoo ileile aliyokataa kunywea Voi. Upande mmoja tu wa kifua ulijaza nusu ya ndoo. Alipigwa dawa siku sita. Siku ya tisa tangu alipoteremka lorini alilala, na farasi mwenye ugonjwa ule wa kifua akilala ujue hainuki tena.

Kwa hiyo masaisi, kipimajoto mfukoni. Asubuhi na jioni, siku mbili kabla ya safari ili ujue joto lake la kawaida, na siku tano baada ya kufika. Andika kwenye daftari. Ukiona 38.6, mpigie daktari saa hiyohiyo, usingoje aanze kukohoa, wengine hawakohoi kabisa. Na wewe dereva, acha namba yako bandani. Siku ya tatu piga simu, uliza amekula nini, joto lake ngapi.

Yule dereva wa 1998 alipiga. Mwezi mzima baadaye, kutoka kibanda cha simu Mombasa, maana alikuwa amempenda yule jike. Alikuwa akimpa maganda ya maembe kule Diani. Akauliza, "Yule mwekundu hajambo?" Nami niliyeifunga kamba, nikamjibu, "Hajambo." Aliendesha farasi miaka kumi na mbili zaidi, na kwa kuwa alijifunza kwangu, aliwafunga wote kama nilivyomfunga yule.

Siku hizi amestaafu, anafuga kuku huko Mtwapa. Wiki iliyopita nilipoalikwa kuja hapa nikampigia nikamweleza ukweli. Alinyamaza, nikasikia kuku wake. Kisha akauliza, "Kamba ilikuwa na urefu gani?"

Nikamwonyesha kwa mkono. Nilisahau kuwa ni simu.